Mapacha wa dada yangu: mmoja anajua chenji, mwingine anajua kusoma. Ni jinsia au ni sisi?

Mjomba wa Uwandani aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mkulima wa korosho, niko juu huku uwandani, wilaya ya Newala. Nina miaka 38, darasa la saba nilimaliza 2001 na sikuendelea, kwa hiyo mkinijibu msinipigie maneno makubwa.

Nalea watoto wa dada yangu, mapacha, wa kike na wa kiume, wote darasa la nne. Dada yuko Mbagala, Dar, anauza chakula, anatuma anachopata. Kwa wasiotujua watu wa kusini: kwetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye anayeulizwa likitokea jambo. Nitawaita Kulwa na Doto, ingawa hayo ni majina ya Wasukuma na mama yangu akisikia atanuna wiki nzima. Kulwa ni wa kike, ndiye aliyetangulia. Doto ni wa kiume. Tumbo moja, chungu kimoja, shule moja, mwalimu mmoja.

Dada alikuja wiki iliyopita kwenye arobaini ya mzee wetu. Akamtuma Kulwa dukani na noti ya 10,000: sukari kilo moja na nusu ya 4,500, sabuni 2,500, chumvi 500. Kulwa akarudi na 1,500, akaiweka mkekani. Doto alikuwa anafunga mnyororo wa baiskeli pale nje, hata hakuinua kichwa: "Hapo pungufu ya buku." Tukapiga hesabu, kweli, elfu moja haipo. Dada akacheka, akasema, "Huyu wa kike kichwa chake hakina hesabu, kama mimi." Nikamwona Kulwa anaitazama ile chumvi.

Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Mtihani wa muhula uliopita Kulwa alikuwa wa 4 darasani. Doto wa 61 kati ya 87. Nikachukua daftari la Doto la hesabu, nikakuta 27 mara 4, kaandika 828. Mwalimu kampiga mkwaju mwekundu. Nikamwita: "Doto, tuna mifuko minne ya korosho, kila mmoja kilo 27. Jumla?" Akajibu papo hapo, "Mia na nane." Umepataje? "Ishirini na tano mara nne ni mia. Zimebaki mbili mbili, nne, nane." Nikamwonyesha daftari. Akasema, "Hiyo ni ya shule, mjomba."

Kulwa kwenye daftari lake hesabu hiyohiyo kapata 108, safi, na kamstari kamepigwa kwa rula.

Mtaniuliza wanashinda vipi nyumbani. Alfajiri saa kumi na moja Kulwa yuko kwenye foleni ya maji. Bomba siku hizi tunalo, ila linatoka kwa zamu. Nikilalamika bibi yao hunikumbusha kwamba wao walikuwa wanashuka bondeni, unaondoka gizani unarudi jua limekolea, na maji yakimwagika kwenye mteremko unageuka chini kuanza upya. Kwake yeye foleni ni starehe. Kulwa akirudi anafagia uwanja, anaosha vyombo vya jana, ndipo shule. Jioni yuko jikoni na bibi, wanategeana vitendawili. Bibi hajui kusoma. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake anasoma Kulwa. Karatasi ya dawa za presha anasoma Kulwa. Tangazo la mkutano wa kijiji, Kulwa.

Doto anatembea na mimi. Gurudumu likitoboka anaziba yeye. Wakati wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga simruhusu kushika mashine, salfa si kitu cha mapafu ya mtoto, lakini kugawa mifuko kwa idadi ya mikorosho anagawa yeye na hajawahi kukosea. Tukipeleka mzigo AMCOS, chama chetu cha ushirika, anasimama pembeni ya mzani, anataja kilo kabla karani hajaandika. Wanamwita meneja.

Na kuna la jirani. Yeye ni mtumishi wa umma, mkewe nesi. Binti yao ana miaka saba, anasoma shule ya kulipia, ana taa yake ya sola na sanduku la vitabu vya hadithi. Juzi tunatembea usiku akamuuliza Doto: "Kwa nini mwezi unatufuata?" Doto hakuwa na jibu, na mimi pia sikuwa nalo. Lakini kilichoniuma si jibu, ni lile swali. Wangu hawaulizi. Wakiuliza, bibi anawaambia mtoto mwenye adabu haulizi ulizi.

Dada anasema Januari atamchukua Doto aende naye Dar, atamlipia tuisheni, kwa sababu uwezo wake ni wa mtoto mmoja na Doto "ana akili ya biashara". Kulwa abaki na bibi. Mwisho wa mwezi huu wana upimaji wa darasa la nne. Naomba mawazo: hii tofauti wamezaliwa nayo, kwamba huyu mwanamke huyu mwanamume, au ni nyumba? Na kama ni nyumba, mimi nimekosea wapi?


Kijana wa Ndanda alijibu:

Mkuu unajichosha bure. Mungu kagawa. Wa kiume akimaliza mpeleke chuo cha ufundi, VETA, wa kike darasa la saba likiisha atapata mume. Nyumba imetulia.


Mama Ming'oko alijibu:

Kijana wa Ndanda, mwanafunzi ukimwoza ni miaka 30 jela, sheria ilibadilishwa 2016. Usimtie mwenzako matatani kwa sababu ya mzaha wa mtandaoni.

Mjomba, mimi niko Mtwara mjini, nauza ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha stendi. Binti yangu ana miaka 11, akitoka shule ananisaidia. Fungu 500, mafungu matatu tunamwachia mteja kwa 1,300 akibembeleza. Basi la Dar limeshawashwa, abiria anatoa noti ya 10,000 dirishani anataka mafungu matano, dereva anapiga honi. Binti anatoa 7,500 mkono hautetemeki. Kaka yake wa miaka 16 alilelewa na bibi yake kama yai. Nikimtuma sokoni vitu vitatu naandika kwenye karatasi na bado anasahau kimoja. Sasa niambieni hapo nani ana kichwa cha kike.

Ila nisikudanganye nikajifanya mshindi. Huyo binti anasinzia darasani, mwalimu ameniita mara mbili. Nikimtoa stendi, ya mboga inapungua. Nimeliweka hivyo hivyo, sijalipatia dawa.


Mwalimu wa Chaki alijibu:

Shikamoo Mama Ming'oko, na pole Mjomba kwa msiba.

Nafundisha Masasi, huu ni mwaka wa 14, madarasa ya chini. Hilo 828 nimelisahihisha mara nyingi mpaka naliota. Saba mara nne ishirini na nane, anaandika yote; mbili mara nne nane, anaiweka mbele. Mtoto anafuata hatua alizokariri, haangalii zinaelekea wapi. Yuleyule ukimpa mifuko ya korosho hawezi kukuambia kilo 828, maana anajua mzigo huo usingebebwa na baiskeli.

Si Doto peke yake. Miaka ya 1980 kule Brazili, mji wa Recife, watafiti walikwenda kununua vitu kwa watoto wanaouza mitaani. Watoto watano, kati ya miaka 9 na 15. Mmoja wa miaka 12 aliulizwa bei ya nazi kumi, kila moja 35. Hakuongeza sifuri mwishoni kama tunavyofundisha. Alisema tatu ni 105, tatu nyingine 210, akaongeza tena tatu zikawa 315, akamalizia na moja, 350. Pale mtaani walipatia maswali 98 kati ya kila 100. Wakapewa hesabu za aina hiyohiyo kwenye karatasi, tarakimu tupu bila nazi wala pesa, wakapatia kama 37 tu. Matokeo yalichapishwa 1985. Nilisoma habari hiyo chuoni nikaipita. Niliielewa nilipoanza kufundisha watoto wa wauza mihogo.

Kwa hiyo Doto anahitaji mtu wa kumwambia kwamba "ya shule" na ya mzani ni hesabu moja. Mwambie aandike ile njia yake: 25 mara 4, kisha 2 mara 4, ajumlishe. Mkwaju mwekundu hautamfundisha, na hapo nawasema wenzangu na mimi nikiwemo.

Kulwa yeye ni kinyume chake. Hesabu anazo, hajawahi kukabidhiwa pesa akaambiwa ni zako, ukipunjwa umepunjwa wewe. Jiulize tangu azaliwe ametumwa dukani na noti kubwa mara ngapi. Maji hayana chenji. Vyombo havina chenji. Soma tena ulichokiandika mwenyewe, Mjomba: umeandika ratiba mbili za shule, moja ya jikoni na moja ya baiskeli. Huyu anasoma vizuri kwa sababu nyumba nzima inamtegemea asome. Huyu anahesabu kwa sababu unamtegemea ahesabu.

Na mimi sijitoi. Darasani kwangu nilikuwa nikitaka mtoto wa kwenda ofisini kuniletea chaki na kuhesabu vitabu, natuma wavulana. Wasichana wafagie, wamwagilie maua. Nilikuja kulijua siku mkaguzi aliponiuliza, "Mwalimu, hawa wasichana hawajui njia ya ofisini?" Nilitamani ardhi inimeze.

Jambo jingine, na hapa najua nitarushiwa mawe. Wasichana wakirudi unyagoni, kwenye mafunzo ya mila ya kuwa mwanamwali, wengine huwa kimya. Wamefundishwa kutotazama mkubwa usoni, kutosema kabla ya kuulizwa. Siitukani mila, nimechezwa mimi mwenyewe, na yapo niliyofundishwa mle yanayonisaidia hadi leo. Lakini huyo mtoto Jumatatu anaingia kwangu na mimi nataka anyooshe mkono abishane na mimi. Anamsikiliza nani?

Kuhusu mwezi: vitabu vina kazi yake, na mtoto wa nesi ana bahati navyo. Ila nadhani kilichomfanya aulize ni kwamba akiuliza anajibiwa. Bibi yenu ana hazina ya vitendawili, na kitendawili ni swali. Tatizo ni kwamba kwake anayetega ni yeye tu. Mwombe Kulwa na Doto wamtege yeye.

Ushauri: usiwaongezee kazi, wabadilishane.


Mjomba wa Uwandani alijibu:

Mwalimu ahsante, nimesoma mara tatu. Mara ya pili nilikasirika kidogo, nisikufiche. "Wabadilishane" ni rahisi kuandika. Mvulana na ndoo kichwani kijiji hiki? Bibi yake atalia. Na Kulwa nikimpandisha baiskeli twende naye AMCOS, kule kuna makuli, maneno ya makuli wewe huyajui. Nilimweka Doto karibu nami kwa sababu hana baba. Nilitaka awe na mwanamume wa kumtazama. Sikuwa namnyima Kulwa.

Ila hilo la noti nimelifikiria usiku. Nimehesabu. Mara mbili tu, na zote mbili alitumwa na dada.


Mmwera wa Rutamba alijibu:

Mwalimu kasema ya mtaani, mimi niseme ya michezo. Nilikulia Rutamba, Lindi, kwenye baraza la babu yangu. Bao la wazee: mashimo 32, kete 64, na mzee anakuambia utaishia shimo gani kabla hajaanza kusambaza. Sisi wavulana tuliruhusiwa kuchutama pembeni. Dada zangu wakipita na kuni waliambiwa wasisimame pale.

Lakini wao walikuwa na mdako. Kashimo, kokoto, unarusha moja juu unazitoa zote, unarusha tena unazirudisha ukibakiza moja, kisha mbili, kisha tatu, na jicho liko kwa iliyo hewani. Dada yangu mkubwa hakuna aliyemfunga. Ile si hesabu? Babu akiona mvulana anajua bao husema huyu ana akili. Kwa dada yangu alisema, "Anacheza huyo, mwiteni akasonge ugali." Kipaji kiko palepale, mwingine kinaitwa akili mwingine kinaitwa mchezo. Dada aliishia la saba. Leo ndiye anayetunza daftari la kikundi chao cha hisa, akina mama 25, na pesa haijawahi kupungua. Mimi niliyefika kidato cha nne ndiye ninayekwenda kumkopa.

Kwa hilo la Januari: usimwache dada yako amchague mtoto kwa chenji ya buku moja.


Kijana wa Ndanda alijibu:

Sawa wazee, nilikuwa natania. Ila hilo la kikundi ni kweli, mama yangu naye ndiye mhasibu wao.


Mjomba wa Uwandani alijibu, wiki tano baadaye:

Wakuu nimerudi, msimu umenibana. Niwape mrejesho kwa waliouliza inbox.

Ndoo: Doto aliwahi foleni siku tatu. Siku ya kwanza alichekwa. Ya pili akapigana na kijana mmoja aliyemsogeza nyuma. Ya tatu bibi akaificha ndoo. Kweli, aliificha, tukaikuta uvunguni mwa kitanda chake. Anasema hataki mjukuu wake apate jina. Basi tukasuluhisha nusu: Doto anakwenda na baiskeli na madumu manne, maana baiskeli kwa mwanamume haina aibu. Maji ni yaleyale, sijui aibu inakaa wapi, kwenye kichwa au kwenye ndoo. Kulwa sasa analala hadi saa kumi na mbili kasoro. Vyombo bado vyake, vita hiyo sijaianza.

AMCOS: nilikwenda na Kulwa mara mbili. Mara ya kwanza alichoka akalala juu ya magunia, nikaona nimempotezea muda. Mara ya pili karani alipotupatia karatasi, akaichukua akaanza kuisoma kwa sauti kama anavyomsomea bibi. Kilo, daraja, tarehe. Akafika kwenye makato. "Mjomba, hii ni nini?" Nikamwambia wanakata. "Wanakata ya nini?" Ya chama. "Na hii ya pili?" Wakuu, nimeuza korosho miaka kumi na tano. Nilikuwa hapa ile 2018 serikali iliponunua kwa 3,300 kilo na kijiji kizima tukapiga hesabu za bati. Sijawahi kuulizwa mstari wa pili ni wa nini, na mimi sijawahi kuuliza. Nikamgeukia karani. Karani akasema, "Huyo mtoto wa nani?" Akaeleza mstari wa pili vizuri tu, wa tatu akaniambia nije siku meneja akiwepo, meneja yule wa kweli. Doto alikuwa amesimama pale kwenye mzani wake, nikaona anamtazama dada yake.

Makuli waliongea walivyoongea. Kulwa alisema hata chuo cha Kurani kwenyewe watoto wanatukana kuliko hivyo.

Noti: kila Jumamosi namtuma yeye. Wiki ya kwanza alirudi na pungufu ya 200, akarudi dukani kuidai mwenyewe bila kuambiwa. Wiki hii alizihesabu palepale kaunta, mwenye duka akamuuliza, "Kwani huniamini?" Akaja nyumbani amekasirika lakini chenji kamili.

Upimaji wamefanya, majibu mpaka Januari. Doto anasema ilikuja hesabu ya kuzidisha akaipiga kwa njia yake kwanza pembeni, halafu akaandika ya shule, zikalingana. Sijui kama ni kweli au alitaka nifurahi.

Dada nimempigia. Nimemwambia ama waende wote ama wabaki wote, tuisheni ya hapa nitachangia kwa korosho. Alikata simu. Jana katuma pesa ya daftari za watu wawili, hakuandika chochote.

La bibi ndilo lililobaki. Kusoma ujumbe sasa ni zamu ya Doto, Kulwa amepumzishwa. Jana uliingia ujumbe mrefu wa shangazi wa Nanyamba. Doto anasoma anajikwaa, neno "mnakaribishwa" lilimchukua dakika nzima, jasho linamtoka. Alipomaliza bibi akaweka mkono sikioni, akasema hakusikia vizuri, hebu asome tena. Mwanamke huyu anasikia nazi ikianguka kwa jirani. Doto akarudia. Bibi akasema bado.